Uzi Mfupi na Safari ya Mkono wa Kushoto

Katika dakika hizi zetu za muziki leo nataka tukae na jambo moja ambalo mpiga ala za nyuzi hulipigania miaka mingi, na ambalo likienda sawasawa hakuna anayelisikia: namna mkono wa kushoto unavyohama juu ya shingo ya banjo, ukapanda, ukashuka, na wimbo usikatike.

Banjo nimeichagua kwa makusudi. Ukipiga uzi wa gitaa, sauti inakaa kidogo. Ukichelewa kufika kwenye kodi inayofuata, na kodi ni zile sauti tatu au nne zinazopigwa pamoja, ile sauti ya nyuma bado inavuma na kukusitiri. Banjo haimsitiri mtu. Sauti yake inatoka kwenye ngozi iliyowambwa ikakazwa, inaruka kwa ukali na kufa papo hapo. Mkono wako ukichelewa nukta moja, pengo linasikika hadi mlangoni. Ndiyo maana wapiga banjo wamelazimika kulifikiria suala hili la kuhama kuliko wapigaji wengi, na waliyoyapata yanamfaa kijana wa benga kule Kisumu, mpiga solo wa bendi ya dansi Dar es Salaam, na yule anayejifunza gitaa kwenye kwaya ya parokia.

Kwa kuwa redio haina picha, nikueleze kwanza ala yenyewe. Banjo ninayoizungumzia ina nyuzi tano. Nne zinaanzia kichwani mwa shingo na kwenda hadi kwenye ngozi. Wa tano ni mfupi: kigingi chake kimechomekwa ubavuni mwa shingo, karibu na freti ya 5, na freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, upande unaotazama uso wa mpigaji. Uzi huo ni mwembamba na sauti yake iko juu kuliko zote zilizo wazi. Kwa tyuni ya kawaida, ile ya G, tukitumia do-re-mi zetu, uzi wa 4, ulio mnene, ni so ya chini. Wa 3 ni do. Wa 2 ni mi. Wa 1 ni so. Na ule mfupi, wa 5, ni do ya juu. Ukiupitisha mkono wa kulia kwenye nyuzi zote bila kubana chochote, tayari una kodi kamili. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linalobeba mazungumzo yetu yote. Na nikisema mkono unapanda, nina maana unaelekea kwenye ngozi, kule ambako sauti zinazidi kuwa nyembamba.

Huo uzi mfupi una asili, na asili yake ni Afrika. Wajola wa Senegali na Gambia wana ala iitwayo akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mrefu uliopenyezwa humo ukawa shingo, na nyuzi tatu. Mmoja kati ya hizo ni mfupi. Kidole gumba huugonga na kuurudia, nao unabaki kwenye sauti yake ileile huku wenzake wakiimba. Mjola mmoja wa Gambia, Daniel Laemouahuma Jatta, aliipeleka akonting mbele ya wakusanyaji wa banjo nchini Marekani mwaka 2000, na tangu hapo wengi walilazimika kutazama upya walichodhani wanakijua juu ya ala yao.

Ujuzi huo ulivuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo. Daktari Hans Sloane, aliyefika Jamaika mwaka 1687, aliandika habari za ala za nyuzi za watumwa katika kitabu chake cha mwaka 1707. Mwishoni mwa karne ya 18, huko South Carolina, ulichorwa mchoro unaojulikana kama The Old Plantation, na ndani yake ameketi mtu mweusi akipiga banjo ya kibuyu. Halafu katika karne ya 19 wakaja wasanii wazungu waliojipaka masizi usoni, wakaichukua banjo na kuifanya chombo cha kuwakejeli walewale waliowafundisha. Joel Walker Sweeney wa Virginia, mmoja wa wazungu wa kwanza kujulikana kwa banjo jukwaani, alijifunza kwa watu weusi. Naumia kila ninapoisoma habari hiyo, maana baada ya miaka mia moja mtu wa kawaida alikuwa ameshaaminishwa kwamba banjo ni ya mzungu wa milimani.

Zama hizo za kwanza shingo ya banjo ilikuwa laini, haina freti. Mpigaji aliipata sauti kwa sikio, kama anavyofanya mpiga udi wa Unguja au Mombasa hadi leo. Freti zilienea katika nusu ya pili ya karne hiyo ya 19, na zilipoenea, njia ya kupanda hadi juu kabisa ikafunguka kwa kila mtu. Uzi mfupi ulibaki mahali pake. Nami nashikilia hivi: uzi huo wa Waafrika, ambao wengi wanauchukulia kuwa ni wa kuvumisha tu, ndio unaompa mpiga banjo muda wa kuhamisha mkono wake.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, na kila pigo ligawanywe sauti nne, kama ilivyo katika muziki wa bluegrass wa Marekani. Hapo mkono wa kulia unatoa sauti nane kila sekunde. Kila sauti ina moja ya nane ya sekunde. Sasa shingo ya banjo ya kawaida: kutoka kwenye kipande cha mfupa kichwani hadi kwenye daraja juu ya ngozi, uzi una urefu wa milimita kama 667. Kutoka freti ya 5 kwenda ya 9 ni sentimita 10 na kidogo. Kwa hiyo unauambia mkono wenye vidole vinne uruke sentimita 10, ubadilishe umbo, utue mahali penyewe, na yote hayo katika moja ya nane ya sekunde. Wapo wanaoweza. Lakini hata hao mabingwa, ukiwachunguza, hawafanyi hivyo mara kwa mara. Wanausubiri uzi wa 5.

Mkono wa kulia katika mtindo huu unatumia vidole vitatu, gumba, shahada na cha kati, vimevikwa kucha za kupigia, na vinazunguka kwa zamu. Katika sauti nane za mzunguko mmoja, gumba hurudi kwenye uzi mfupi mara mbili hivi. Kila linaporudi huko, sauti inatoka na mkono wa kushoto hauna kazi yoyote. Uko huru. Na kama sauti inayofuata nayo ni ya uzi ulio wazi, tayari una robo ya sekunde ya kusafiri. Msikilizaji aliye mbele yako hasikii pengo, kwa kuwa pengo halipo: banjo inaendelea kuimba huku mkono uko njiani.

Mtu aliyeufanya mtindo huo ujulikane duniani ni Earl Scruggs, aliyezaliwa Flint Hill, North Carolina, mwaka 1924 na kufariki mwaka 2012. Alijiunga na bendi ya bluegrass ya Bill Monroe mwishoni mwa 1945, na watu wa Nashville waliomsikia redioni walishangaa ni vidole vingapi vinapiga. Scruggs aliwahi kusimulia jinsi yeye na kaka yake Horace walivyojizoeza utotoni: walianza wimbo pamoja, kisha kila mmoja akauzunguka upande wake wa nyumba huku akipiga, ili wakikutana upande wa pili wajue kama bado wako pamoja. Najua walimu wanaoisimulia habari hiyo kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi naiona ni msingi wa kuhama kuzuri. Mkono hauwezi kujua uondoke lini kama ndani yake hakuna mwendo usiotikisika.

Sasa tuingie kwenye mkono wenyewe, na tuanzie mbali kidogo na vidole.

Banjo ni nzito, na shingo yake inapenda kuinama. Mpigaji asiyevaa mkanda huishika shingo kwa mkono wa kushoto isianguke, na mkono unaobeba mzigo hauwezi kusafiri. Kwa hiyo vaa mkanda, hata ukiwa umekaa, ukaze hadi uweze kuuondoa mkono wa kushoto kabisa na shingo ibaki pale pale. Kama inashuka, rekebisha mkanda kabla ya kurekebisha kitu kingine chochote. Nimewaona wanafunzi waliohangaika miezi na kodi zao, na dawa ilikuwa kwenye mkanda.

Kidole gumba cha kushoto kinakaa nyuma ya shingo, kinagusa, hakikabi. Hili ndilo kosa lililoenea kuliko yote, na dalili yake ni maumivu kwenye nyama ya chini ya gumba. Jaribu hivi: bana kodi, kisha ondoa gumba nyuma ya shingo na upige. Kama sauti inatoka safi, au karibu na safi, basi nguvu unayoihitaji ni ndogo kuliko unavyodhani. Nguvu inayozidi hapo ndiyo inayoufunga mkono. Kwenye banjo kuna sababu nyingine ya pekee ya kuliweka gumba nyuma: ukilipitisha juu ya shingo, kama wapiga gitaa wengi wanavyopenda, utapanda vizuri hadi freti ya 4, kisha utagonga kile kigingi cha uzi mfupi. Kigingi hicho kimesimama njiani kabisa. Anayepita na gumba nyuma hakisikii kamwe, ila anapaswa kujua kwamba hapo hapo shingo inapanuka, kwa kuwa kuanzia freti ya 5 inabeba nyuzi tano badala ya nne. Mkono hufunguka kidogo unapopita. Vidole vikizoea, havihitaji kuambiwa.

Kinachohama ni mkono mzima, kuanzia kiwiko. Ukipanda, kiwiko kinajikunja na kusogea karibu na mwili, ukishuka, kinafunguka. Kifundo cha mkono kinabaki kama kilivyo, na gumba linasafiri pamoja na vidole, halibaki nyuma likivutwa. Mwanafunzi anayeacha gumba freti ya 3 na kunyoosha vidole hadi ya 9 hajahama, amejinyoosha tu, na vidole vyake vitafika vimelala. Banjo inakupa fadhila moja hapa ambayo gitaa nyingi hazikupi: shingo yake iko nje ya ngoma karibu yote, freti 22, kwa hiyo hakuna mwili wa mbao unaokuzuia ukifika ya 12 au ya 14. Umbo la mkono ulilonalo chini unaweza kwenda nalo hadi mwisho.

Sasa kidole kiongozi. Naomba uniwekee sikio hapa, kwa sababu ndipo kwenye utamu.

Kodi ya G kwenye banjo inapatikana sehemu nne. Ya kwanza ni nyuzi zilizo wazi. Ya pili wapiga banjo huiita umbo la F: shahada kwenye uzi wa 2 freti ya 3, kidole cha kati kwenye uzi wa 3 freti ya 4, cha pete kwenye uzi wa 4 freti ya 5, na kidole cha mwisho kwenye uzi wa 1 freti ya 5. Ya tatu ni umbo la D: shahada uzi wa 3 freti ya 7, cha kati uzi wa 2 freti ya 8, cha pete uzi wa 4 freti ya 9, na cha mwisho uzi wa 1 freti ya 9. Ya nne ni freti ya 12, ambapo shahada inalala na kubana nyuzi zote nne.

Linganisha la pili na la tatu. Cha pete kilikuwa uzi wa 4, na bado kiko uzi wa 4. Cha mwisho kilikuwa uzi wa 1, na bado kiko uzi wa 1. Vyote viwili vimetoka freti ya 5 kwenda ya 9. Vilivyobadilishana nyuzi ni shahada na cha kati pekee. Kwa hiyo usinyanyue vidole vyote ukavitafutia mahali upya. Vya pembeni vibaki juu ya nyuzi zao. Legeza tu ubanaji, nyuzi ziinuke kutoka kwenye freti huku vidole bado vinazigusa, viteleze bila uzito hadi freti ya 9, na huku vikiteleza shahada na cha kati vipishane hewani. Ukifika, kaza. Mpanda mnazi hufanya vivyo hivyo: miguu ikisogea mikono imeshika, mikono ikisogea miguu imeshika. Hakuna wakati ambao mwili mzima uko hewani.

Na kwa kuwa nyuzi za banjo ni za chuma tupu isipokuwa wa 4 uliosokotewa waya mwembamba, kuteleza huko hakupigi kelele sana. Ukisikia mkwaruzo, unatoka kwenye uzi wa 4. Hapo cha pete kinyanyue unywele mmoja, ukiachie kidole cha mwisho kiongoze peke yake kwenye uzi wa 1.

Kuna jambo jingine linalomkomboa mwanafunzi, na walimu wengi hulichelewesha. Huna haja ya kutua na vidole vinne kwa pamoja. Katika mzunguko, sauti zinatoka moja moja. Kinachotakiwa kufika kwanza ni kidole cha sauti ya kwanza. Kama mkono wa kulia unaanzia uzi wa 2, kidole cha kati kifike freti ya 8 kwa wakati. Shahada, cha pete na cha mwisho vina moja ya nane ya sekunde ya ziada, au mbili, au tatu. Mtu akilijua hili, uso wake unalegea na mabega yanashuka.

Wakati mwingine kiongozi hutoka kwenye kidole kimoja na kupokelewa na kingine. Cha pete kinabana freti ya 5. Unahitaji kwenda juu zaidi. Shahada inakuja kukalia ileile freti ya 5, na cha pete kinaondoka kikiwa huru kwenda ya 7 au ya 8. Sauti haijabadilika, aliyeishika amebadilika. Wapiga udi wanaijua sana njia hii. Nayo ni nzuri kwa nyimbo za taratibu, pale ambapo huna uzi wazi wa kukufichia.

Safari ya kwanza kabisa anayoifanya mwanafunzi wa bluegrass huwa katika wimbo wa kale uitwao Cripple Creek. Mara tu wimbo unapoanza, kidole kinabana uzi wa 1 karibu na freti ya 2 na kuteleza kikiwa kimebana hadi ya 5. Kuhama huku kunasikika, na kunatakiwa kusikika, ni pambo. Sikiliza kinachotokea mwisho wa kuteleza: freti ya 5 ya uzi wa 1 inatoa do ya juu, sauti ileile hasa ya uzi mfupi ulio wazi. Gumba linaupiga uzi mfupi, na hapo hapo sikio linapima. Kidole kikiwa kimeishia njiani, au banjo haijatyuniwa sawasawa, sauti mbili zinagombana, unajua mara moja. Mimi namwambia kila anayeanza atumie muda mrefu hapo, ateleze macho yakiwa yamefumbwa, aache uzi mfupi umwambie kama amefika. Sikubaliani na desturi ya kumfungia mwanafunzi kwenye freti tatu za kwanza mwaka mzima. Shingo ikiachwa bila kutembelewa, mkono unajifunza kuiogopa.

Lakini uzuri wote wa uzi wazi ulikuja kuonekana baadaye. Mwaka 1963 Bill Monroe alimchukua kijana aitwaye Bill Keith, mwenyeji wa Massachusetts, na Keith akaja na namna ya kupiga nyimbo za fidla sauti kwa sauti, bila kuacha hata moja, kwa kupokezana nyuzi zilizobanwa na zilizo wazi. Mpiga banjo mwingine, Bobby Thompson, alikuwa akiifuata njia hiyohiyo. Nitakupitisha kwenye ngazi ya do-re-mi kama inavyopigwa kwa mtindo huo, na kama una banjo nyumbani chukua kalamu.

Do ni uzi wa 3 ulio wazi. Re, uzi wa 4, freti ya 7. Mi, uzi wa 2 ulio wazi. Fa, uzi wa 3, freti ya 5. So, uzi wa 1 ulio wazi. La, uzi wa 2, freti ya 5. Ti, uzi wa 1, freti ya 4. Na do ya juu, uzi wa 5 ulio wazi.

Umeona mkono unavyofanya? Unabana freti ya 7. Wakati mi inalia wazi, unashuka hadi ya 5. Wakati so inalia wazi, kidole cha la kinajitayarisha. Ti inapigwa freti ya 4, kisha uzi mfupi unaimaliza ngazi, na mkono uko huru kwenda kokote, hata freti ya 12, kabla sauti nyingine haijahitajika. Sikio linasikia ngazi inapanda. Mkono wenyewe ulikuwa unashuka. Kila unapohama, uzi ulio wazi unakushikia zamu. Na kwa sababu hakuna sauti mbili zinazofuatana kwenye uzi mmoja, kila sauti inaachwa ivume kidogo juu ya mwenzake. Mimi sijui raha kubwa zaidi ya kiufundi kwenye ala hii.

Don Reno, aliyempokea Scruggs kwenye bendi ya Monroe mwaka 1948, alichagua njia nyingine: kufuata sauti kwenye uzi mmoja au miwili, karibu kama mpiga gitaa wa solo, gumba na shahada zikipokezana. Huko nyuzi wazi hazikusaidii sana, na kidole kiongozi pamoja na kidole cha kupokea ndivyo vinavyobeba kazi. Ndiyo njia ngumu zaidi kwa mkono wa kushoto. Mpiga gitaa wa kwetu akishika banjo, ataiona ndiyo ya nyumbani.

Macho nayo yana kazi yake. Wengi huyatuma yafuate mkono, na mkono unaofuatwa na macho huchelewa. Tazama unakokwenda kabla hujaondoka. Banjo nyingi zina alama za lulu kwenye freti za 5, 7, 10 na 12. Macho yakae kwenye 10 wakati vidole bado viko 5, na mkono utakwenda yaliko macho. Halafu, ukishazoea, acha kutazama. Nina mfano: mwaka 2005 mpiga banjo Béla Fleck wa Marekani alikuja Uganda na Tanzania, akaenda pia Gambia na Mali, kuifuata asili ya ala yake. Safari ile ikawa filamu, Throw Down Your Heart, na jina lake limetokana na Bagamoyo yetu. Hapa Tanzania alipiga pamoja na Anania Ngoliga, mpigaji asiyeona wa ilimba, ile ala ya ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ngoliga hahitaji kutazama ubao wake kujua kila chuma kilipo, na Fleck, mwenye macho, alipanda na kushuka shingo nzima akimfuata kwa sikio. Kwangu hilo ni somo la kuhama lililo bora kuliko kitabu.

Uzi mfupi wenyewe unabaki kwenye do yake hata ukienda wapi, na mara nyingi hiyo ni neema. Ukitaka kuubadilisha, gumba la kushoto linaweza kuufikia na kuubana juu ya freti ya 5. Wapigaji wengi hupigilia vijipini vidogo ubaoni, kwenye freti za 7, 9 na 10, wakauchomeka chini yake wanapotumia kapo, kile kibanio kinachopandisha sauti za nyuzi nyingine.

La mwisho ni kurudi. Watu hufanya mazoezi ya kupanda, wakafika freti ya 12 kwa shangwe, na kushuka wakaanguka. Sababu iko kwenye ubao: freti ya kwanza iko kama milimita 37 kutoka kwenye mfupa wa kichwani, lakini kati ya freti ya 11 na ya 12 nafasi ni kama milimita 20. Unapopanda, vidole vinajikusanya, na kujikusanya ni rahisi. Unaposhuka lazima vifunguke karibu mara mbili huku mkono ukikimbia. Kwa hiyo kushuka kufanyiwe mazoezi zaidi. Weka mapigo ya polepole, 60 kwa dakika au chini ya hapo. Gusa umbo la D kwenye freti ya 9 bila kubana kabisa, piga uzi mfupi, shuka hadi umbo la F kwenye freti ya 5, gusa bila kubana. Nenda na urudi hivyo hivyo, nyepesi, bila sauti ya kodi, hadi vidole vya pembeni vijue njia. Ndipo uanze kubana. Mapigo yaongezwe kidogo kidogo, na mkono ukianza kukaza, rudi nyuma. Mwenye gitaa afanye vilevile kwa uzi wa E ya juu ulio wazi. Hana uzi mfupi, lakini ana nyuzi sita zilizo wazi na kodi za E, A na D zinazoziruhusu zilie.

Sasa namwomba fundi mitambo atuwekee Foggy Mountain Breakdown, iliyorekodiwa Cincinnati, Ohio, mwezi Desemba 1949, Lester Flatt kwenye gitaa na Earl Scruggs kwenye banjo. Mwanzoni utausikia mkono uko chini, karibu na kichwa cha shingo. Fidla itapokea. Banjo itakaporudi baadaye, utaisikia imepanda, sauti ni nyembamba na kali. Sikiliza hapo, na uutafute ule uzi mfupi katikati ya zote. Fundi, tafadhali.